Mkutubi Anayekwenda Kufundisha China: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wakutubi wa vyuo vikuu waliopata mwaliko, au wanaotafuta nafasi, ya kufundisha katika chuo kikuu cha China kwa muhula mmoja au zaidi. Unahusu China Bara tu. Hong Kong na Macau zina viza zao, mtandao wao na taratibu zao. Jambo moja limetawala majibu mengi hapa chini: fundisha kwa zana ambazo mwanafunzi anazo, na ambazo ataendelea kuwa nazo wewe ukishaondoka. Wageni wengi hukwama kwa sababu somo lao lote limejengwa juu ya tovuti ambazo darasani hazifunguki.

Mkutubi anafundisha nini huko?

Mara nyingi ni kozi ya kutafuta na kutumia machapisho ya kitaaluma. Mwaka 1984 Wizara ya Elimu ya China ilitoa waraka uliovihimiza vyuo vikuu vifundishe somo hilo, na tangu hapo maktaba nyingi za vyuo zina kozi kamili yenye uniti, ratiba, kazi za nyumbani na mtihani. Mkutubi aliyezoea kuazima saa moja kutoka kwa mhadhiri wa somo jingine atakabidhiwa muhula mzima. Slaidi za siku ya kuwakaribisha wanafunzi wapya haziwezi kujaza wiki 16.

Nafasi nyingine ziko kwenye shule zinazofundisha taaluma yenyewe: Wuhan, Peking, Nanjing, Renmin, Sun Yat-sen, Nankai na kwingineko. Huko utapewa kozi ya uainishaji, uorodheshaji, usimamizi wa data za utafiti au maadili ya taarifa. Tangu 2022 orodha ya serikali ya fani za uzamili na uzamivu inaiita fani hii usimamizi wa rasilimali za taarifa, na neno maktaba halimo tena kwenye jina. Ndiyo maana tangazo la kazi linalokufaa linaweza kuwa halitaji maktaba popote.

Kuna pia vyuo vya ubia vinavyofundisha kwa Kiingereza na kuajiri wakutubi wa kigeni moja kwa moja: Nottingham Ningbo, kilichofunguliwa 2004, Xi'an Jiaotong-Liverpool cha Suzhou, kilichofuata 2006, NYU Shanghai, na Duke Kunshan. Mwisho ni mihadhara ya wageni ya wiki moja au mbili, ambayo hulipiwa posho tu.

Nitakuta taaluma ya ukutubi iko changa?

Hapana, na ukiingia darasani ukidhani hivyo utawaudhi wenyeji. Shule ya ukutubi ya Boone ilianzishwa Wuchang mwaka 1920 na Mary Elizabeth Wood akishirikiana na Shen Zurong, ambaye alikuwa amesomea kazi hiyo New York. Leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Wuhan. Kwa kulinganisha, shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki pale Makerere ilianza 1963. Li Dazhao, mmoja wa waasisi wa Chama cha Kikomunisti, alikuwa mkuu wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Peking kuanzia 1918, na Mao Zedong alifanya kazi chini yake kama msaidizi. Wanafunzi wa fani hii wanazijua kanuni tano za ukutubi za Ranganathan, mkutubi wa India, kabla hujazitaja. Wanachokuhitaji ni uzoefu wa kazi: maktaba yenu huchaguaje majarida bajeti ikikatwa, mnahudumiaje wasomaji umeme unapokatika, mnahifadhije tasnifu.

Viza ipi?

Ukilipwa mshahara na chuo cha China, ni viza ya Z. Viza ya F ni ya ziara za kitaaluma na mihadhara isiyo ajira. Usikubali kuingia kwa viza ya utalii eti mambo yatarekebishwa ukifika. Kosa hilo hulipiwa faini au kufukuzwa nchini, na anayeadhibiwa zaidi ni mgeni.

Mpangilio wa Z ni huu. Chuo kinaomba kwanza taarifa ya kibali cha kazi kwenye mfumo wa serikali na kukutumia nakala. Wewe unaipeleka ubalozi wa China pamoja na pasipoti, fomu na picha. Ukishaingia, kibali cha kazi kinaombwa ndani ya siku 15 na kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Wakati kibali cha ukaazi kinashughulikiwa pasipoti yako hubaki polisi, kwa hiyo usipange safari ya nje mwezi wa kwanza.

Vibali vya kazi hugawanywa kwa madaraja. Kwa daraja la B, ambamo wahadhiri wengi wageni huangukia, kwa kawaida hutakiwa shahada ya kwanza au zaidi, uzoefu wa kazi wa angalau miaka miwili unaohusiana na kazi unayoendea, na umri usiozidi miaka 60. Barua ya mwajiri lazima itaje cheo, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kazi yenyewe. Barua inayosema tu "alikuwa mtumishi wetu mwaminifu" hurudishwa.

Vyeti vithibitishwe vipi?

Hapa ndipo wiki nyingi hupotea. Unahitaji cheti cha shahada na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, vyote vimethibitishwa. China ilianza kutumia Mkataba wa Apostille, unaoziwezesha nchi kutambua nyaraka za nje kwa muhuri mmoja, tarehe 7 Novemba 2023. Nyaraka za nchi iliyomo kwenye mkataba huo, kama Oman, Burundi au Rwanda, zinahitaji muhuri wa apostille peke yake. Nyaraka za nchi isiyomo hupita njia ya zamani: wakili au mamlaka ya kwanza, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa China. Kinachohesabiwa ni nchi iliyotoa cheti: mtu wa Mombasa mwenye shahada ya Uingereza hufuata utaratibu wa Uingereza kwa cheti hicho.

Kosa linalowaumiza sana watu wa kwetu ni majina. Cheti kina majina mawili, pasipoti ina matatu. Au jina la ukoo limekuja mwanzo huku na mwisho kule. Au jina limebadilika baada ya ndoa. Mfumo wa China hulinganisha herufi kwa herufi. Tengeneza hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, nayo ithibitishwe kwa njia ileile ya cheti. Na cheti cha polisi kiombwe mwishoni, kwa kuwa huwa na muda wa kutumika, mara nyingi miezi sita.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Jiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu kufika. Ukilala hotelini, hoteli inakufanyia. Ukilala nyumba za chuo, ofisi ya wageni ya chuo ndiyo inayoshughulika, lakini wewe ndiye mwenye kuuliza "imekamilika?" na kupewa karatasi. Bila karatasi hiyo kibali cha ukaazi hakitoki. Ukihama nyumba, unajiandikisha upya.

Jambo la pili ni namba ya mfanyakazi. Kadi ya maktaba, Wi-Fi ya chuo, jukwaa la masomo, kadi ya kantini na nenosiri la hifadhidata vyote vinaning'inia kwenye namba hiyo. Iombe kwa barua pepe kabla hujapanda ndege. Kuna walimu wanaoanza kufundisha utafutaji wa makala wakati wao wenyewe hawawezi kuingia kwenye hifadhidata hata moja.

Tovuti zipi hazifunguki?

Google na huduma zake zote, pamoja na Google Scholar, Gmail na Google Docs, YouTube, WhatsApp, Facebook, na Wikipedia ya lugha zote tangu Aprili 2019. ChatGPT nayo haitoi huduma China. Laini yako ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumika ughaibuni itafungua tovuti hizo, kwa kuwa data yake hupitia mtandao wa kwenu, lakini ni ghali na inakusaidia wewe peke yako. Wanafunzi 60 walio mbele yako hawana laini hiyo.

Ndiyo maana hatushauri kujenga somo juu ya VPN. Kutumia isiyoidhinishwa ni kinyume cha kanuni za nchi, na kumwelekeza mwanafunzi aitumie ili amalize kazi ya darasa ni kumtwisha mzigo usio wake.

Badala yake, kabla ya kuandika muhtasari wa kozi fungua ukurasa wa hifadhidata wa maktaba ya chuo unakokwenda. Vyuo vikubwa vina Web of Science, Scopus, ScienceDirect, JSTOR na mengine. Vyuo vya mikoani vinaweza kuwa na machache sana ya kigeni. Muombe mkutubi mwenyeji ajaribu kila kiungo cha somo lako akiwa ndani ya mtandao wa chuo. PubMed na DOAJ kwa kawaida hufunguka. Kwa utafutaji wa haraka wanafunzi hutumia Baidu Xueshu na Bing. Nje ya chuo wanaingia hifadhidata za kigeni kupitia CARSI: wanachagua jina la chuo, wanaweka nenosiri la chuo, basi. Wengi hawajui kwamba huduma hiyo ipo, na kuwaonyesha hilo peke yake ni somo zuri la wiki ya kwanza.

Lazima nijue hifadhidata za Kichina?

Lazima, hata kama kozi yako ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wako ataandika tasnifu kwa Kichina, na makala zake nyingi zitatoka CNKI, iliyoanzia Tsinghua mwaka 1999, au Wanfang, au VIP ya Chongqing. Ukiipuuza CNKI, anakuona mwalimu wa mambo ya mbali. Huhitaji kusoma Kichina vizuri. Kaa na mkutubi mwenyeji kwa mchana mmoja upitie naye yafuatayo.

Sehemu ya kutafutia inayotokea yenyewe ni ya mada, nayo huleta matokeo mengi mno. Waonyeshe kubadili kwenda kichwa cha makala, maneno muhimu au ikisiri. Kisha wachuje kwa majarida yaliyo kwenye CSSCI, faharasa ya sayansi za jamii inayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Nanjing, au kwenye orodha ya majarida ya msingi ya Chuo Kikuu cha Peking. Kupanga kwa idadi ya kunukuliwa na kupanga kwa idadi ya kupakuliwa huleta vichwa tofauti. Wafanye yote mawili na wajadili sababu.

Sasa mtego mkubwa. Kwenye Scopus na Web of Science alama ya nyota hukata neno ili kupata miishio yote. Kwenye CNKI, ndani ya kisanduku kimoja, nyota maana yake ni "na", alama ya kujumlisha ni "au", na ya kutoa ni "siyo". Mwanafunzi anayehamisha mtindo wa huku kwenda kule hupata matokeo ya ajabu, tena hapewi onyo lolote. Toa zoezi la swali lilelile kwenye mifumo yote miwili na uwaache wagundue wenyewe tofauti.

Mtego wa pili ni kibodi. Mwanafunzi akiwa kwenye mwandiko wa Kichina, mabano na alama za nukuu hutoka kwa upana kamili, yaani huchukua nafasi ya herufi nzima ya Kichina. Macho ya haraka hayaoni tofauti, ila hifadhidata ya Kiingereza inaweza isizitambue, ikakupa sifuri au ikapuuza mabano yako. Mwanafunzi akikuambia "mwalimu, hakuna kitu," angalia mabano kwanza.

Mafaili: tasnifu nyingi za CNKI hushushwa kwa muundo wa CAJ, ambao unataka programu ya CAJViewer. Isakinishe kwenye kompyuta yako mapema.

Na maandiko ya Kichina kwenye katalogi za nje?

Maktaba ya Bunge la Marekani ilihama kutoka Wade-Giles kwenda Pinyin, namna mbili za kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, tarehe 1 Oktoba 2000, na katika utaratibu wake silabi huandikwa zikiwa zimetengana, isipokuwa baadhi ya majina ya watu na mahali. Mwanafunzi akiandika "tushuguan" (maktaba) kwenye katalogi ya Marekani anaweza kukosa rekodi zilizoandikwa "tu shu guan". Wafundishe wajaribu namna zote mbili, kisha herufi za Kichina zenyewe, zilizorahisishwa na zile za zamani. Vitabu vilivyotajwa kwenye marejeo ya kabla ya 2000 vitahitaji Wade-Giles.

Wanafunzi hupenda pia mfano wa Kiswahili, nao unafundisha jambo ambalo Kiingereza hakiwezi. Kukata neno kwa nyota husaidia lugha zinazobadilika mwishoni. "Mtoto" na "watoto" hubadilika mwanzoni, kwa hiyo nyota ya mwishoni haifai kitu. Lazima uandike yote mawili na kuyaunganisha kwa "au". Baada ya mfano huo hawachukulii tena kwamba kanuni ya hifadhidata moja inafaa kila lugha.

Vitabu vimepangwaje rafuni?

Kwa Uainishaji wa Maktaba za China, uliotoka mara ya kwanza 1975. Toleo la tano ni la 2010. Una madaraja makuu 22 yenye herufi za Kilatini, kutoka A ya Umarx, Ulenin na fikra za Mao na Deng, hadi Z ya vitabu vya jumla. Herufi L, M, W na Y hazitumiki. Kompyuta ziko TP3, ukutubi G25.

Aliyezoea mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani anachanganyikiwa kwa sababu herufi ni zilezile. R ni tiba, S ni kilimo na T ni teknolojia pande zote mbili, hivyo mgeni hujiona ameshaelewa. Kisha anakuta F ni uchumi, H ni lugha, J ni sanaa, na K, ambayo kwa Wamarekani ni sheria, hapa ni historia na jiografia. Aliyezoea Dewey, mfumo wa namba badala ya herufi, ana nafuu, maana anajua kabisa kwamba anaanza upya. Baada ya namba ya daraja, baadhi ya maktaba huweka namba ya mwandishi, nyingine huweka tu namba ya mfuatano wa kitabu kilivyoingia katika daraja hilo. Kwenye maktaba za namna hii ya pili, vitabu vya mwandishi mmoja katika daraja moja havikai pamoja lazima.

Ukifundisha uorodheshaji, jua kwamba vitabu vya Kichina huandikwa kwa CNMARC, muundo wa rekodi za katalogi za kompyuta uliotokana na UNIMARC, huku vya lugha za Magharibi vikiandikwa kwa MARC 21 katika maktaba nyingi. Katika CNMARC kichwa cha kitabu kiko kwenye uga namba 200, si 245 kama MARC 21. Mada iko 606, si 650. Namba ya uainishaji wa China iko 690. Kufundisha MARC 21 peke yake ni kuwapa nusu ya kazi. Weka rekodi mbili za kitabu kimoja ubavu kwa ubavu. Rekodi za kulinganisha utazipata kwenye CALIS, mtandao wa maktaba za vyuo vikuu ulioanzishwa 1998.

Wanafunzi wanaelewa Kiingereza?

Wanasoma vizuri kuliko wanavyosikia. Kipimo cha kawaida ni mtihani wa CET-4, wenye jumla ya alama 710, ambapo 425 ndiyo ya kuruhusiwa kwenda CET-6, ngazi ya juu yake. Mwenye 430 atasoma ikisiri bila shida na atapotea kwenye maelezo yako ya haraka. Tuma slaidi siku moja kabla, andika istilahi kwa Kiingereza na Kichina, na kwa kila hatua ya utafutaji weka picha ya skrini yenye mshale.

Mbona hawaulizi maswali?

Kimya si uvivu wala kutokuelewa. Kusimama mbele ya darasa zima na kukosea ni aibu, na kumuuliza mwalimu swali gumu kunaweza kuonekana kama kumpima. Wape dakika tatu wajadiliane wawili wawili, kisha uliza kundi, si mtu. Au tumia Rain Classroom au Chaoxing, ambako wanajibu kwa simu bila jina kuonekana kwenye skrini. Darasa lilelile lililokuwa kimya hujaza skrini maoni. Baada ya kipindi watakuja mezani kwako wakiwa foleni, basi usikimbilie mlangoni.

Watakuita "laoshi", yaani mwalimu, na jina lako. Kila darasa lina kiranja. Mjue mapema, kwa sababu matangazo yako yote, kuanzia chumba kilichobadilishwa hadi kazi ya nyumbani, yatapitia kwake na kwenye kikundi cha WeChat au QQ. Barua pepe hawaifungui.

Ratiba ikoje?

Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba hadi Januari. Wa pili huanza mwishoni mwa Februari au Machi hadi mwanzoni mwa Julai. Kipindi ni dakika 45, na kwa kawaida unafundisha viwili mfululizo. Cha kwanza huanza kama saa 2 asubuhi. China nzima hufuata majira mamoja ya saa, yaliyo saa tano mbele ya Afrika Mashariki: ukianza kufundisha, nyumbani ni saa 9 usiku.

Kinachowatoa wageni jasho ni sikukuu. Serikali hurefusha mapumziko kwa kuhamisha siku za kazi kwenda Jumamosi au Jumapili. Utaambiwa Jumapili fulani itafuata ratiba ya Alhamisi, na ni siku kamili ya kufundisha. Pata kalenda ya chuo yenye mabadiliko hayo kabla ya kupanga tarehe za majaribio, hasa karibu na tarehe 1 Oktoba.

Wanafunzi wa mwaka wa nne wanakosa vipindi muhula wa kwanza kwa sababu ya mtihani wa kujiunga na uzamili, unaofanyika Desemba. Msimu huo maktaba hujaa tangu asubuhi, na viti huwekwa nafasi kwa programu ya simu. Kozi yako ikiwa ya mwaka wa nne, kazi nzito ziwe Septemba na Oktoba.

Darasani kuna vifaa gani?

Kompyuta, projekta na spika karibu kila mahali. Kompyuta hizo mara nyingi hujisafisha zikizimwa, hivyo ulichohifadhi humo kinapotea. Beba slaidi kwenye flashi na nakala kwenye WeChat. Flashi hiyo isiwe na kitu kingine cha maana, kwa sababu inapita kwenye mashine nyingi na virusi ni vya kawaida. Video iwe faili, kamwe isiwe kiungo. Slaidi zifunguliwe kwanza kwenye WPS, kwa kuwa chumba kinaweza kuwa hakina PowerPoint. Umeme ni volti 220, ila plagi ya pini tatu za mraba ya Kenya, Tanzania na Uganda haiingii. Njoo na adapta.

Mtihani na alama?

Alama ni 100, kufaulu ni 60. Sehemu ni kazi za muhula, sehemu ni mtihani wa mwisho, na mgawanyo unaandikwa kwenye muhtasari kabla ya kipindi cha kwanza. Huwezi kuubadilisha katikati. Utatakiwa kutunga karatasi mbili zenye uzito sawa, A na B, kila moja na majibu na mgawanyo wa alama. Moja inatumika, nyingine inawekwa kwa wanaorudia. Baadhi ya idara hazipendi kuona wengi juu ya 90, kwa hiyo uliza mapema. Baada ya kusahihisha utajaza fomu ya uchambuzi wa matokeo, na karatasi zote zinahifadhiwa.

Kuna pia wakaguzi, mara nyingi maprofesa wastaafu, wanaoingia darasani bila taarifa na kukaa nyuma. Wakute muhtasari, mpango wa wiki kwa wiki na daftari la mahudhurio mezani.

Marejeo yaandikwe kwa mtindo gani?

GB/T 7714, kiwango cha taifa cha China cha kuandika marejeo, toleo la 2015, ndilo ambalo wanafunzi wamelelewa nalo. Kila chapisho lina alama ya aina: [J] makala ya jarida, [M] kitabu, [D] tasnifu, [EB/OL] ukurasa wa mtandaoni. Waandishi wakizidi watatu, hutajwa watatu wa kwanza tu. Ukiwafundisha APA, mtindo wa Kimarekani, kosa litakalojirudia ni majina ya Kichina: Zhang Wei anageuzwa kuwa "Wei, Z." wakati Zhang ndilo la ukoo. Zotero, programu ya kupanga marejeo, inafanya kazi. Wengi pia hutumia NoteExpress.

Udanganyifu na akili mnemba?

Tasnifu hupimwa kwa mfumo wa CNKI kabla ya utetezi, na kila chuo kina asilimia yake ya mfanano inayoruhusiwa. Matokeo yake wanafunzi wanajua sana kupunguza asilimia kwa kubadili maneno, na hawajui sana kwa nini wazo la mtu lazima litajwe hata maneno yakibadilika. Hapo ndipo pa kutumia muda wako. Kwa programu za akili mnemba za China kama DeepSeek, Doubao au Kimi, zoezi linalofaa ni hili: waombe programu iwape marejeo kumi ya mada yao, kisha watafute kila moja kwenye CNKI na Web of Science, na waandike lipi lipo, lipi limebuniwa, lipi lina mwaka au jarida lisilo sahihi. Zoezi hili linafundisha uhakiki wa taarifa kuliko mhadhara wa saa mbili.

Mada zipi zina hatari?

Muhtasari na kitabu cha kiada, hasa cha kigeni, vinapitishwa na chuo kabla ya muhula. Kaa na mwenyeji wako umuulize waziwazi. Ramani ni tatizo la kawaida kuliko siasa yenyewe: ramani ya dunia uliyoitoa mtandaoni inaweza kuwa na mipaka isiyokubalika China, na orodha ya takwimu inayoiweka Taiwan kama nchi itazua malalamiko. Ondoa ramani isiyo ya lazima. Kuhubiri dini katika kazi ni marufuku na mara nyingi kumetajwa kwenye mkataba.

Ukutubi una mada ya uhuru wa kusoma, na si haki kuificha kabisa kwa watu wanaosomea kazi hii. Inafundishika kwa historia, kwa sheria za nchi mbalimbali, na kwa Sheria ya Maktaba za Umma ya China iliyoanza kutumika Januari 2018. Usimlazimishe mwanafunzi atoe msimamo wake mbele ya wenzake. Vyumba vingi vina kamera, na wewe utaondoka, yeye atabaki.

Pesa na simu?

Sakinisha WeChat na Alipay, ambazo ndizo za kulipia kwa simu, ukiwa nyumbani, uunganishe kadi ya benki. Kufungua akaunti ya WeChat wakati mwingine hudai mtumiaji wa zamani akuthibitishe, kwa hiyo tafuta mtu aliyeitumia kwa muda. Familia nayo isakinishe, maana WhatsApp haitawafikisha kwako. Laini ya China husajiliwa kwa pasipoti. Ili kubadili mshahara wa yuan na kuutuma nyumbani, benki inataka mkataba, kibali na uthibitisho wa kodi iliyolipwa. Hifadhi kila karatasi tangu mwezi wa kwanza.

Kuna nafasi ya Kiswahili?

Ipo. Beijing Foreign Studies University na chuo ambacho leo ni Communication University of China vimefundisha Kiswahili tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Tianjin na Shanghai wamefuata kwenye vyuo vyao vya lugha za kigeni. Mkutubi anayejua Kiswahili anaweza kuwasaidia kuchagua na kuorodhesha vitabu, kazi ambayo mwenyeji asiyejua lugha huifanya kwa kubahatisha. Mkoba mmoja wa riwaya, diwani na kamusi kutoka Dar es Salaam au Nairobi ni zawadi ya maana kuliko kinyago.

Nikirudi, nitaendelea kuipata CNKI?

Nenosiri la chuo hufungwa mkataba ukiisha. Pia, tangu Aprili 2023 watumiaji wengi wa nje ya China hawapati tena tasnifu, mijadala ya mikutano na vitabu vya takwimu, hata taasisi yao ikiwa imelipia. Shusha unachohitaji kwa utafiti wako kabla ya wiki ya mwisho, na ukubaliane na mkutubi mwenyeji njia ya kubadilishana makala kati ya maktaba na maktaba. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana sababu ya ziada ya kujenga uhusiano huo: maktaba yao mpya, iliyofunguliwa Novemba 2018, ilijengwa kwa msaada wa China na ina nafasi ya vitabu laki nane. Makubaliano ya kubadilishana makala yaandikwe na kutiwa saini na wakuu wa maktaba zote mbili ukiwa bado uko huko, kwa sababu barua pepe ya baadaye kwa mtu asiyekujua haijibiwi.